Masika Kati ya Dawa Mbili

Jumapili, 8 Machi 1959

Wingu limetanda upande wa baharini tangu asubuhi, lakini mvua haijashuka. Tumetoka misa ya pili Mtakatifu Yosefu kwa miguu, mimi na Candida, na tulipofika Mnazi Mmoja amemwiga Padre anavyopiga chafya katikati ya Kilatini. Nimecheka mpaka nimesimama. Watu wamegeuka kumtazama mwanamume mzima na koti lake, amejishika mbavu kando ya barabara.

Shajara hii kwa kawaida ni ya mvua na bei ya maharage. Leo naandika habari za mke wangu, kwa sababu mwaka jana mwezi kama huu alikuwa amelala anatazama ukuta.

Hakufiwa. Hakuibiwa. Sikumwolea mke mwingine. Kila aliyekuja kututazama aliuliza, "Kimempata nini?" Chakula kilimshinda, kisha maneno yakamshinda, mwisho hata kuchana nywele. Watoto wetu wawili, Angelina na mdogo wake, tukawapeleka Kilema, Kilimanjaro, kwa mama yangu. Desemba ndipo Dokta Menezes, Mgoa mwenye zahanati Uhindini, akampa vidonge vinavyoitwa iproniazidi. Alitueleza kwamba dawa ile ilitengenezwa kwa ajili ya kifua kikuu; wagonjwa wa kifua wakaanza kuchangamka vitandani kabla hata kifua hakijapona, na madaktari wakawaza kuwapa watu wenye huzuni isiyo na sababu. Sikuamini. Lakini siku moja baada ya mwaka mpya niko dukani, Mtaa wa Mkunguni, nikasikia nje sauti ya yule bwana wa manispaa anayekagua mizani. Nikatoka mbio na kofia mkononi. Hapakuwa na bwana yeyote. Alikuwa Candida, amesimama kwenye jua, mikono kiunoni.

Ndivyo alivyokuwa tangu usichana wake. Kilema nzima walimjua kwa kuiga watu.

Jumatano, 11 Machi

Siku ya kwanza ya Ramadhani. Bi Mwanamkuu, mwenye nyumba wetu, ametuonya tusikaange samaki mchana. Ni mjane wa Kizaramo, na ana maoni juu ya kila kitu: chumvi yetu, wageni wetu, hata namna ninavyokohoa. Miaka kumi tunapanga kwake, miaka kumi namkwepa uani.

Jumamosi, 14 Machi

Matone ya kwanza. Nimefunika magunia kwa turubai.

Tulipokuwa tunakula chakula cha mchana dukani, Candida ameinua uso kunipa kikombe na mwanga wa mlangoni umemwangukia. Weupe wa macho yake si weupe. Nimejiambia ni turubai, rangi yake ya kaki inatia kila kitu umanjano. Sikusema neno.

Jumapili, 15 Machi

Candida amefunika kioo cha chumbani kwa kanga. Anasema kanisani misalaba imefunikwa kwa ajili ya mateso ya Bwana, basi na sisi tufunike kitu.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Barabara ya Korogwe imekatika, maharage ya Moshi hayajafika.

Si turubai.

Jumanne, 17 Machi

Mvua.

Jumatano, 18 Machi

Jioni kabla ya futari Bi Mwanamkuu alikuwa uani amekalia mbuzi, anakuna nazi. Candida akapita na ndoo.

"Hebu njoo hapa, mwanangu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nitazame." Akamshika kidevu kwa mkono wenye machicha. "Macho yako yamekuwa bizari. Tangu lini?"

Candida akatua ndoo.

"Nakuuliza, tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

Nami mlangoni, bila kufikiri, nikasema, "Jumamosi."

Candida akageuka kunitazama. Bi Mwanamkuu akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Kumbe mnajua wote wawili! Mmekaa nayo kimya kama watu waliomficha mwizi uvunguni."

Nimekasirika. Nimemwambia mambo ya chumbani kwangu ni yangu. Yeye ameendelea kukuna nazi.

Tulipoingia ndani Candida amekaa kitandani. "Kwa nini hukusema?" akaniuliza.

"Na wewe kwa nini hukusema?"

"Niliogopa daktari atanikataza dawa."

"Nami niliogopa hivyo hivyo."

Ameinuka akaondoa kanga kwenye kioo, akaikunja vizuri, pindo kwa pindo, kama anayefunga safari. Halafu akasema, "Baba Angelina, mimi kule sirudi."

Nilijua anasema wapi, lakini nimemuuliza.

"Kule nilikokuwa," akajibu.

Alhamisi, 19 Machi. Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu

Dokta Menezes amemlaza kwenye kitanda chake cha ngozi, akamgusa chini ya mbavu upande wa kulia. Candida amekunja uso.

"Dawa imeanza kula ini," amesema. "Leo hii inakoma."

"Hata nusu kidonge?" Candida ameuliza.

"Hata nusu."

Kisha ametueleza kwamba ipo dawa nyingine mpya, imipramini. Ameiagiza Nairobi. Haitokani na ile ya kwanza na kwa kawaida haigusi ini. Nimefurahi, nikamwambia ikifika tu tutaianza siku hiyohiyo.

Daktari amevua miwani. "Bwana Tarsis, hapo ndipo mtu anapoweza kumuua mkewe kwa kumpenda. Dawa ya kwanza haiondoki siku unapoacha kuimeza. Inabaki mwilini, inafanya kazi kimya kimya. Ya pili ikiikuta humo, zinapigana, na uwanja wa vita ni mgonjwa. Nimesoma katika gazeti letu la madaktari habari za mtu aliyebadilishiwa papo kwa papo. Alipandwa na homa kali, akakakamaa, akafa. Wiki mbili za kukaa bila dawa yoyote ndicho kipimo cha chini. Kwa kuwa ini limeumia, mimi nataka tatu."

"Na katika wiki hizo atakuwa na nini?"

"Atakuwa na nyinyi. Asiachwe peke yake. Akitamka maneno ya kufa msimkemee, mleteni kwangu."

Hilo ni jibu la padre, si la daktari. Limenikera njia nzima mpaka Kariakoo.

Jumapili, 22 Machi. Matawi

Bado ni yeye. Ameshika tawi lake la mnazi, ameimba. Nimeanza kufikiri labda amepona kabisa na dawa hahitaji.

Mchana mvua imetufungia ndani, tukakumbuka safari yetu ya kuja mjini mwaka arobaini na tisa. Tulikuja juu ya lori la viazi, wiki moja baada ya harusi, yeye amevaa viatu vyeupe ambavyo hakutaka kuvivua hata lori lilipokwama Wami tukashuka kusukuma. Akasukuma navyo. Mjini tuliingia asubuhi, na alipoona soko la Kariakoo, lile paa kubwa la Wajerumani na watu wamejaa chini yake, akaniambia, "Tarsis, watu wote hawa nani anawapikia?" Kwa juma zima alikuwa ananiletea sauti kutoka sokoni, kama wengine wanavyoleta mboga: mwuza kahawa, Mwarabu wa Manga, hamali akiomba njia, mama wa Kimakonde akikataa bei. Chumba hiki kilikuwa na kitanda, ndoo na jiko, nasi wawili, lakini jioni kilijaa watu.

Jumatano, 25 Machi

Ameacha chai.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua kutwa. Amesema sentensi mbili. Ya pili: "Usinitazame hivyo."

Jumapili, 29 Machi. Pasaka

Nimemvisha kama mtoto. Kanisani kengele zote zimelia pamoja, na mimi nimelia. Yeye amekaa ameshika rozari, haihesabu. Baada ya misa wanawake wa Kilimanjaro wamekuja kumsalimu na kila mmoja amesema, "Jipe moyo, mama." Kana kwamba moyo ni kitambaa, umesahau kukinunua.

Jumanne, 31 Machi

Macho yamekuwa meupe. Dokta Menezes amefurahi sana, mimi nimeshindwa. Macho meupe ya kuutazama ukuta yananifaa nini?

Dawa mpya imefika. Daktari mwenyewe anasafiri kwenda Zanzibar, amefiwa na kaka yake, hajui atarudi lini. Amenikabidhi chupa mkononi. "Alhamisi tarehe tisa, asubuhi, kidonge kimoja. Si Jumatano. Likitokea lolote, mwenzangu wa jirani anajua habari zote."

Vidonge vidogo, rangi ya kutu. Nimeviweka kabatini chini ya mashuka.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Sikufungua duka.

Ijumaa, 3 Aprili

Onesphory amefika. Ni kaka mkubwa wa Candida, dereva wa lori la mazao kati ya Moshi na hapa, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Barabara imefunguka juzi. Ameingia na matope mpaka magotini, akamwona dada yake, akatoka tena nje. Nimemkuta ameegemea ukuta wa choo.

"Shemeji, huyu ni nani uliyemlaza humo?"

Nimemweleza yote. Amesikiliza, taya zinamcheza.

"Kwa hiyo dawa iko kabatini, mgonjwa yuko kitandani, na katikati pana kalenda."

"Ndivyo alivyosema daktari."

"Daktari yuko wapi?"

"Zanzibar."

"Ahaa!" Akatema mate. "Dada yangu angekuwa nyumbani tungekwisha kumtibu. Nikimaliza kupakua namchukua."

Sijawahi kumpenda Onesphory. Harusini kwetu alihutubia muda mrefu kuliko Padre.

Jumamosi, 4 Aprili

Alfajiri Candida ameniita. Nimefurahi, sijaitwa siku nyingi. Amenishika mkono wa shati.

"Baba Angelina, nipe ile."

"Bado kidogo, mama."

"Nipe moja tu. Hutamwambia mtu."

"Itakudhuru."

"Nini kitakachodhurika?" akauliza, na ameuliza kwa upole, kama mteja anayeuliza kama bado tuna mchele. "Nitazame. Kuna nini hapa cha kudhurika?"

Nimemwambia, upo wewe. Amegeukia ukuta.

Alipokuwa amefumba macho nimekwenda kabatini. Naandika kwa sababu ni kweli. Nimefungua chupa, nimeweka kidonge kimoja kiganjani. Nimefikiri: wiki mbili zimekwisha pita, daktari mwenyewe alisema wiki mbili ndicho kipimo. Tena nimefikiri: daktari gani anayeondoka mgonjwa akiwa katika hali hii? Uji ulikuwa mezani, una mvuke. Nimesimama pale mpaka kidonge kimeanza kutoa rangi kwenye jasho la mkono wangu. Nimekirudisha. Mkono nimeunawa mara mbili.

Jumapili, 5 Aprili

Misa ya kwanza nimekwenda peke yangu, Onesphory amebaki na mgonjwa. Nimerudi kabla ya mahubiri kwisha, sijui kwa nini, labda kwa sababu jana mimi mwenyewe nilikuwa pale kabatini.

Nimefungua mlango. Chupa wazi mezani. Onesphory amemkalisha Candida, amemwegemeza begani pake, kikombe cha maji mkono mmoja na vidonge mkono mwingine. Si kimoja. Vitatu. Candida amefungua kinywa kama kinda la ndege.

Nimempiga mkono. Kikombe kimegonga ukuta, vidonge vimeruka. Onesphory amenishika koti, nami nimemshika shingo, nikambana mpaka ukutani, mtu aliyenizidi mara mbili. Nguvu zile sijui zimetoka wapi. Nafikiri nilikuwa nampiga mtu wa jana.

"Unamuua!" nimepiga kelele.

"Wewe ndiye unamuua! Unamuua polepole, na tarehe zako!"

Candida amekaa kitandani, maji yanamtiririka kifuani, anatutazama kama tulio mbali.

Ndipo Bi Mwanamkuu ameingia. Hakubisha hodi; hajawahi kubisha. Amesimama katikati yetu, mwanamke mfupi, midomo imekauka kwa saumu. Ameinama, ameokota vidonge kimoja kimoja sakafuni, akavifuta kwa kanga, akavirudisha chupani.

"Nyie wanaume," akasema. "Daktari kakwambieni nini? Lini?"

"Alhamisi," nikajibu.

"Mwanangu anateseka, bibi," Onesphory akasema. Alisema mwanangu, si dada yangu. Alimlea mwenyewe baba yao alipokufa. Hilo nilikuwa nalijua, ila nilikuwa nimelisahau.

"Anateseka, naona. Na mimi tangu alfajiri sijatia tone la maji kinywani. Nina kiu, na mtungi naupita mara kumi. Nikinywa sasa nitasema nini, kwamba nilikuwa na kiu? Kila mtu ana kiu! Jua halijatua, halijatua." Akafunga chupa kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili. "Hii itakaa kwangu. Anayeitaka kabla ya Alhamisi aje anivue nguo."

Onesphory ameketi chini na kufunika uso.

Halafu Bi Mwanamkuu amepanda kitandani, na miguu yake yenye matope, akakaa nyuma ya Candida, akaanza kumfumua nywele. Hakumwambia ajipe moyo. Hakumwambia kitu. Amemsuka mpaka adhuhuri, na alipomaliza amefumua akaanza upya.

Miaka kumi nilikuwa namkwepa huyu.

Jumatatu, 6 Aprili



Saa tatu asubuhi Bi Mwanamkuu ameingia kuoga, mimi nimekwenda kuchota maji bombani. Nimerudi, kitanda kitupu. Kanga yake haipo. Mvua inashuka kama inamwagwa kwa ndoo.

Nimekimbia Mtaa wa Swahili wote, nikarudi kwa Mtaa wa Sikukuu. Nimewauliza mahamali waliojibanza chini ya mikokoteni yao. Mmoja amesema ameona mwanamke asiye na mwavuli akielekea upande wa baharini. Nimekimbia mpaka Kivukoni. Sitaandika nilichokuwa nawaza njiani. Kule Feri wavuvi walikuwa wananadi samaki kwenye mvua kama kawaida, na maji yalikuwa ya kijivu, na hapakuwa na mtu aliyemwona. Nikasimama pale nikiyatazama maji, nikamwomba Mama Maria mambo ambayo sina haki ya kuyaomba.

Kurudi, penye kona ya soko, nimemwona Onesphory ananipungia mkono. Hakuniita. Mtu mwenye sauti ile, ananipungia tu.

Lori lake lilikuwa limesimama nyuma ya soko, limepakuliwa nusu. Candida alikuwa ndani, chini ya turubai, ameketi kati ya mikungu ya ndizi mshare. Mikungu bado imefungwa kwa majani makavu ya mgomba, na mashina yake yana udongo mwekundu wa kwetu. Alikuwa amepaka udongo ule viganjani, ananusa.

Nimepanda nikakaa karibu yake. Nguo zetu zote zilikuwa zinachuruzika.

"Nilikwenda mpaka karibu na maji," amesema.

"Nami nilikwenda."

"Nikasikia baridi. Nikakumbuka Onesphory ana turubai." Amenusa tena. "Haisikiki vizuri. Najua ni harufu ya nyumbani, najua nilikuwa naipenda. Inafika hapa," akagusa pua, "haiingii."

Onesphory alikuwa amesimama nje kwenye mvua, ameshika ukingo wa lori, analia bila kujificha. Dada yake amemgeukia.

"Kaka, usinipeleke nyumbani," akamwambia kwa Kichaga. "Nikienda hivi nitapachukia na kule."

Jioni Onesphory amekuja kwangu peke yake. "Shemeji, hiyo Alhamisi yako," akasema. "Tuingoje." Amelilaza lori, hataondoka mpaka siku hiyo ifike. Mwenye lori na aseme atakavyo.

Jumanne, 7 Aprili

Zamu: Bi Mwanamkuu asubuhi, mimi mchana, Onesphory jioni. Yule daktari wa jirani, mwenzake Dokta Menezes, amekuja kumtazama. Amesema tuendelee hivi hivi.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua. Daktari alisema: si Jumatano.

Alhamisi, 9 Aprili

Bi Mwanamkuu amefungua fundo, akasema Bismillahi. Candida amepiga ishara ya msalaba. Kidonge kimepita. Watu wazima watatu tumekaa tunamtazama mpaka adhuhuri kama wanaongoja chungu kichemke, tunamgusa paji la uso kila mara.

Homa haikuja. Wala kitu kingine hakikuja.

Ijumaa, 10 Aprili. Idi

Pilau ya Bi Mwanamkuu. Candida amekula vijiko viwili. Anasema kinywa kimekauka kama amelamba majivu. Onesphory ameondoka na lori. Ametuachia mkungu mzima.

Jumanne, 14 Aprili

Kinywa kikavu. Mikono inatetemeka kidogo. Usingizi upo.

Jumapili, 19 Aprili

Bonde la Jangwani limejaa maji mpaka njiani. Hapa hakuna badiliko.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimemwambia Bi Mwanamkuu dawa hii ni chaki. Ameniuliza mimba huchukua siku ngapi. Nikamwambia Candida hana mimba. "Wewe huna akili," amenijibu, akanipa bakuli la kunde.

Jumatatu, 27 Aprili

Asubuhi nilikuwa natoka. Candida kutoka kitandani amesema, "Kola yako chafu."

Nimevua shati palepale, nikavaa lingine. Dukani nimempunguzia bei kila mtu aliyeingia.

Jumamosi, 2 Mei

Amelala kutwa. Nimekata tamaa.

Jumatatu, 4 Mei

Amekuja uani mwenyewe, akamenya ndizi na Bi Mwanamkuu. Wamebishana kuhusu chumvi. Bi Mwanamkuu alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mbishani wake.

Jumapili, 10 Mei

Dokta Menezes amerudi, nywele zimeota mvi. Amemtazama macho, amemgusa ini, ameongeza kidonge kimoja cha jioni. Nimemwuliza lini atakuwa kama zamani. Amesema, "Zamani gani?"

Ile ya Januari, yenye sauti za manispaa? Ile ya viatu vyeupe na lori? Candida alikuwa anafunga vifungo vya gauni lake na amesikia.

Jumatano, 20 Mei

Mvua zinaisha kidogo kidogo, kama mgeni anayeaga mara tatu.

Sauti hazijarudi. Anapika, anapima maharage, jana amemgombeza hamali aliyetoboa gunia; lakini haigi mtu. Leo nimejikuta namchokoza: nikamwuliza yule bwana wa manispaa anaongeaje. Amefikiri. "Sijui, Baba Angelina," amesema. "Siku zile nilikuwa nasikia watu wote kwa pamoja, mpaka wa mbali. Sasa namsikia mmoja mmoja. Ukisema wewe, nakusikia wewe."

Nimezoea kumngoja yule Candida mwingine. Nilipokuwa nafunga duka jioni nimegundua kwamba mchana kutwa sikumngoja.

Jumamosi, 23 Mei

Onesphory amepita. Amekaa uani saa nzima, ameongea kwa sauti ya chini. Watoto atawaleta Juni shule zikifungwa. Candida amesema kabla hawajaja wapelekewe picha, wasije wakashtuka jinsi mama yao alivyokonda.

Jumapili, 31 Mei

Baada ya misa tumeingia studio ya picha. Candida kiti cha mbele, mimi nimesimama nyuma, mkono begani pake. Pazia nyuma yetu limechorwa bustani ya Ulaya.

"Cheka, mama," mpiga picha amesema kutoka ndani ya kitambaa chake.

"Sicheki."

"Kidogo tu."

"Nipige hivi nilivyo. Nikicheka watoto wataniuliza nilikuwa nacheka nini."

Mpiga picha amesema Bwana, tazama huku. Bwana! Nikasema natazama.

Alhamisi, 4 Juni

Jua kutwa. Nimeanika turubai.

Picha imetoka. Candida ametazama kamera moja kwa moja, uso mwembamba, midomo imefungwa, macho meupe kabisa. Mimi nimesimama nyuma yake na shingo imepinda. Namtazama yeye.

Nimemwambia twende tukapigwe nyingine, hii imeharibika. Ameishika karibu na dirisha, akaigeuza huku na huku.

"Iache hivyo hivyo," amesema. Kisha amenitazama mimi. "Ila wewe utawaeleza mwenyewe kwa nini baba yao hajui kamera iko wapi."